Mahali pa Kumwacha Mbwa au Paka Wakati wa Safari

Mbwa na paka wa nyumbani huhitaji mtu wa kuwatunza kila mwenye nyumba anapoondoka kwa zaidi ya siku moja. Igowole na vijiji vinavyoizunguka wilayani Mufindi vina safari nyingi za aina hiyo: msiba Njombe, mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda Iringa, Mbeya au Muhimbili, harusi Dar es Salaam, mwalimu anayerudi kwao likizo ya Desemba. Mara nyingi mbwa huachwa kwenye mnyororo na sufuria ya ugali ambayo mtoto wa jirani ataijaza akikumbuka, au hufunguliwa ajitafutie sokoni na majalalani. Aliyefungwa anaweza kuipiga teke sufuria ya maji asubuhi ya kwanza na kushinda na kiu mpaka mtu apite. Aliyefunguliwa hujiunga na kundi la mbwa wa sokoni, hugombana, huambukizwa maradhi, hugongwa na gari katika barabara ya Nyololo, au humuuma mtu ambaye hajui amwendee nani.

Kuna njia tatu zilizo bora kuliko hizo. Mtunzaji anaweza kuja nyumbani kwa mnyama, mara mbili kwa siku au kwa kulala hapo hapo. Mnyama anaweza kupelekwa kwa ndugu, jirani au mfugaji mwingine, kwa malipo au kwa kusaidiana. Au anaweza kupelekwa kwenye kituo cha malezi ya muda, mahali penye mabanda mengi, wahudumu wa kuajiriwa na bei ya kila siku. Vituo vya namna hii ni mambo ya miji mikubwa kama Dar es Salaam na Nairobi. Uingereza ilivitungia sheria mwaka 1963, ikimtaka mwenye kituo awe na leseni ya halmashauri, na tangu 2018 vituo vya England hupewa nyota, moja hadi tano, kulingana na matokeo ya ukaguzi. Mkazi wa Igowole hana mkaguzi wa kumtangulia. Ukaguzi ni kazi yake mwenyewe, na maswali yanayofaa kuulizwa kwenye kituo cha kulipia ndiyo hayo hayo yanayofaa kuulizwa uani kwa jirani, hata kama jirani huyo ni shemeji.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ilitungwa mwaka 2008, na humgusa mwenye mnyama pamoja na yule aliyekabidhiwa kumtunza. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa ustawi wa wanyama duniani ni uhuru wa aina tano, ambao chimbuko lake ni ripoti ya kamati ya Profesa Brambell nchini Uingereza mwaka 1965: mnyama asiwe na njaa wala kiu, asikae mahali pa adha, asiachwe na maumivu au ugonjwa, aweze kuonyesha tabia zake za asili, na asiishi kwa hofu. Ripoti hiyo ilihusu mifugo ya mashambani, lakini mtu anayekagua banda la mbwa akiwa na mambo hayo matano kichwani hatapotea sana.

Kabla ya kuchagua mahali, mnyama mwenyewe atazamwe. Paka hushikamana na eneo kuliko anavyoshikamana na watu. Akihamishiwa nyumba ngeni hujificha chini ya kitanda, hukataa kula, na mlango ukifunguliwa hutoroka akijaribu kurudi kwenye ghala lake la mahindi. Kukataa kula si jambo dogo kwake: paka aliyekaa siku mbili tatu bila chakula anaweza kuanza kujaa mafuta kwenye ini, na ugonjwa huo huua. Kwa hiyo paka mwenye afya huachwa nyumbani kwake, na mtunzaji huja asubuhi na jioni kumpa chakula na maji, kusafisha mahali pake pa haja, na kuhakikisha ameonekana kwa macho. Sahani iliyo tupu haithibitishi lolote, kwani paka wa jirani naye anajua njia ya kuingilia.

Mbwa ni tofauti. Yeye hufuata watu, na nyumba isiyo na mtu humtia wasiwasi, akabweka usiku kucha na kuchimba chini ya uzio. Mbwa wa ulinzi aliyezoea kufunguliwa usiku anaweza kubaki nyumbani ikiwa mtu anayemfahamu atalala hapo. Hapo nyumba na mbwa hulindwa pamoja. Mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi minne hafai kabisa kupelekwa penye mbwa wengi, kwa sababu chanjo zake hazijakamilika. Jike ambaye hajafungwa kizazi huingia kwenye joto takribani mara mbili kwa mwaka, kila mara kwa wiki tatu hivi, na akiachwa mahali pasipo ukuta au uzio imara katika wiki hizo, matokeo yake huonekana baada ya siku 63 au karibu na hapo. Mbwa mzee, mgonjwa au mwenye mimba aachwe kwa mtu aliyewahi kumhudumia mbwa wa hali hiyo, hata kama banda la mtu huyo ni duni kuliko la mwingine.

Chanjo ndiyo suala la kwanza kuulizwa, na ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa mtu, kifo hakiepukiki isipokuwa kwa nadra mno. Ugumu wake kwa anayetafuta mahali pa kumwacha mbwa ni kwamba virusi hukaa mwilini wiki nyingi, wakati mwingine miezi miwili au mitatu, kabla mbwa hajaonyesha chochote. Mbwa wa mwenyeji anayetikisa mkia getini leo anaweza kuwa aling'atwa na mbwa wa mitaani mwezi uliopita. Haitoshi, basi, mgeni kuwa na chanjo. Mbwa wote watakaokuwa ndani ya uzio huo wawe wamechanjwa, na kadi zao zionyeshwe. Mwenyeji anayejibu kwamba mbwa wake hawatoki nje, hivyo hawahitaji chanjo, amekwisha jibu maswali mengine yote.

Chanjo ya kichaa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na kinga huhitaji wiki tatu hadi nne kukomaa baada ya sindano ya kwanza. Safari ya Desemba hupangiwa chanjo mwezi Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, na majira hayo huambatana na kampeni za uchanjaji sehemu mbalimbali nchini. Anayefuatilia matangazo ya afisa mifugo wa kata anaweza kumaliza jambo hili mapema.

Chanjo ya parvo na distempa, ambayo huja pamoja katika dozi moja, ni adimu zaidi mbali na miji. Hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo isinunuliwe kwenye duka la dawa za mifugo lisilo na jokofu la uhakika, na ni busara kuiagiza mapema kupitia daktari wa mifugo wa Mafinga au Iringa. Parvo hasa inastahili kuogopwa. Virusi vyake huweza kudumu kwenye udongo na mbao kwa miezi mingi, na maji na sabuni peke yake havivimalizi. Banda alimofia mtoto wa mbwa kwa kuharisha damu mwezi Machi linaweza kuambukiza mgeni wa Agosti. Swali la kumuuliza mwenyeji ni fupi: je, kuna mbwa aliyekufa hapa katika mwaka mmoja uliopita, na kwa dalili gani? Banda hilo husuguliwa kwanza mpaka uchafu uishe, kisha humwagiwa jiki iliyochanganywa sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji na kuachwa dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Jiki iliyomwagwa juu ya kinyesi haifanyi kazi. Sakafu ya udongo haiwezi kusafishwa hivyo, na ndiyo sababu sakafu ya saruji, ingawa ni baridi, hupendelewa kwenye vituo.

Ziara ya ukaguzi ifanywe mchana, bila ahadi ya saa kamili, na ifanywe na mwenye mnyama mwenyewe. Pua hutangulia. Banda linalosafishwa kila siku lina harufu ya mbwa. Lisilosafishwa hunuka mkojo uliokaa. Kisha masikio ya mbwa waliopo yaangaliwe kwa ndani, pamoja na katikati ya vidole, kwa kuwa huko ndiko kupe hujificha. Kupe wa mbwa hueneza vimelea vya damu vinavyomdhoofisha mnyama kidogo kidogo, akakonda na kupauka fizi wiki kadhaa baada ya safari kusahaulika. Pale penye vumbi na sakafu ya udongo, nyayo zikaguliwe kwa ajili ya funza, ambaye hawabagui watu na mbwa.

Baridi ya Mufindi inastahili uangalizi wa peke yake. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku huwa mkali, na mabonde ya chai huwahi kupata jalidi. Mabanda mengi hapa hujengwa kwa mabanzi kutoka viwanda vya mbao, na mabanzi yakikauka huacha nyufa zinazopitisha upepo. Banda zuri lina mlango usioelekea upande wa upepo, sakafu iliyoinuliwa juu ya ardhi, paa lisilovuja, na nafasi ya mbwa kusimama, kugeuka na kulala amenyoosha miguu. Likizidi sana ukubwa kwa mbwa mmoja, joto la mwili wake halilipashi. Matandiko yawe makavu na yabadilishwe. Maranda ni mengi na ya bei ndogo, ila lazima yatoke kwenye mbao ambazo hazijatiwa dawa. Wilaya hii huzalisha nguzo za umeme kwa wingi, na nguzo hizo hulowekwa dawa za kuzuia kuoza, nyingine zikiwa na madini ya arseniki. Vipande vyake vyenye rangi ya kijani visitumike kujengea mahali ambapo mbwa anaweza kuvitafuna, wala maranda yake kulaliwa.

Sumu nyingine huhitaji macho zaidi. Ghala la mahindi lina sumu ya panya. Mbwa anaweza kuila moja kwa moja au kumla panya aliyeila. Stoo ya mkulima ina dawa za magugu na za wadudu, na chupa tupu zilizotupwa nyuma ya choo bado zina mabaki. Mwenyeji aulizwe ni dawa gani zipo na zinawekwa wapi. Akisema zipo juu ya dari au ndani ya sanduku lenye kufuli, na akakubali kuonyesha, inatosha.

Uzio hupimwa kwa kutembea kuuzunguka wote, kwa mguu, hasa pembe za nyuma. Michongoma iliyoonekana nene kutoka barabarani huwa na vijia vya kuku chini yake. Lango lifungike kwa komeo ambalo upepo na watoto hawawezi kulifungua. Mbwa mgeni hutoroka zaidi siku tatu za mwanzo, akitafuta njia ya kwao, kwa hiyo siku hizo ndizo za kumweka ndani ya banda au kumtembeza kwa kamba. Mkanda wa shingo uandikwe namba ya simu, na iwe ya mtunzaji aliye karibu. Mwenye mnyama aliyeko Dar es Salaam hawezi kwenda kumchukua sokoni.

Yote haya, hata hivyo, hutegemea mtu. Banda la kawaida lenye mtunzaji makini hushinda jengo zuri ambalo mhudumu wake hupita mara moja kwa siku. Anayepokea mnyama mara nyingi siye atakayemhudumia: baba mwenye nyumba hukubali sebuleni kwa moyo mweupe, na kazi humwangukia kijana wa kazi au mtoto wa darasa la tano ambaye hakuulizwa. Ni haki ya mwenye mnyama kuomba kumwona huyo atakayeshika sufuria, kuzungumza naye, na kumtazama akimkaribia mbwa. Mtu anayemjua mbwa humwendea kwa ubavu na kumwacha amnuse kwanza. Anayemtisha kwa fimbo ili amtii, au anayemwogopa kiasi cha kumrushia chakula kwa mbali, hataona kidonda wala kupe, maana hatamsogelea. Mtoto anaweza kusaidia, lakini asiachiwe mbwa mkubwa peke yake. Ni vyema pia kujua nani atashika nafasi siku mtunzaji atakapokwenda mnadani au kuugua. Kituo cha kulipia kiulizwe ni mhudumu mmoja kwa mbwa wangapi, na nani hulala hapo usiku.

Chakula kibaki kile kile alichozoea mnyama. Tumbo la mbwa hukasirishwa na mabadiliko ya ghafla, na kuharisha kwa siku ya pili ya malezi mara nyingi hutokana na ukarimu: mwenyeji amempa mgeni mafuta na mifupa ya kuku. Mwenye mnyama apeleke unga, dagaa au chakula cha dukani cha kutosha siku zote na cha akiba. Chakula kikilazimika kubadilishwa, kichanganywe taratibu kwa muda wa wiki. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo msimu wa mvua huwa mengi na ambayo watu huona ni halali ya wanyama, yasitumike kabisa. Sumukuvu iliyomo ndiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa huathiriwa nayo upesi sana; Marekani mwishoni mwa 2005 mbwa wengi walikufa kwa chakula cha kiwandani kilichotengenezwa kwa mahindi ya namna hiyo. Mapafu na maini kutoka machinjioni yapikwe mpaka yaive, kwani yakiwa mabichi humwambukiza mbwa tegu anayeweza kuhamia kwa watu. Kuhusu maji, mbwa wa kilo 20 huhitaji lita moja au zaidi kidogo kwa siku, kwenye chombo kizito kisichopinduka.

Makubaliano yaandikwe, hata kati ya ndugu. Karatasi moja inatosha: tarehe ya kupeleka na ya kuchukua, bei ya siku na nani analipia chakula, namba za simu za mwenye mnyama, za mtu wa karibu wa kuamua asipopatikana, na za daktari wa mifugo. Kuna jambo moja kwenye karatasi hiyo ambalo halipaswi kuachwa wazi, nalo ni ruhusa ya kutibu na kiwango cha fedha kinachoweza kutumika bila kuuliza. Mtandao wa simu hukatika mabondeni, na mbwa anayetapika sumu hawezi kungoja mwenyewe ashuke basi. Fedha ya dharura iachwe taslimu au kwa njia ya simu kabla ya safari. Pia ikubaliwe mapema nani atagharamia mbwa akila kuku wa jirani. Kadi ya chanjo iende na mnyama.

Wiki mbili au tatu kabla ya safari ndefu, mnyama alale huko usiku mmoja wa majaribio. Usiku huo huonyesha mambo ambayo ukaguzi wa mchana hauwezi: kama anakula, kama anabweka mpaka majirani wakachoka, kama mbwa wa mwenyeji wanamkubali. Nguo kuukuu yenye harufu ya nyumbani, ikiwekwa bandani, humtuliza. Siku ya kuondoka yenyewe, kuaga kuwe kufupi.

Anayeamua kumpeleka mnyama kwenye kituo cha mjini hukabiliwa na safari. Amwone kwanza afisa mifugo kuhusu kibali cha kumsafirisha, na azungumze na kondakta kabla ya kukata tiketi, kwa kuwa si kila basi hupokea mbwa. Mnyama asilishwe saa chache kabla ya kupanda gari, wala asiwekwe ndani ya gunia au kwenye buti isiyo na hewa. Kwa safari ya juma moja, mwendo wa kutwa nzima kwenda Dar es Salaam humchosha mnyama kuliko faida ya banda zuri linalomngoja. Mtunzaji wa Igowole au Mafinga hufaa zaidi.

Wakati wa kumchukua, mnyama akaguliwe mbele ya mtunzaji: uzito, ngozi, masikio, nyayo, kinyesi. Mabadiliko madogo ya hamu ya kula ni ya kawaida kwa siku moja mbili. Kutapika, kuharisha damu, kukohoa au kulegea katika wiki mbili zinazofuata ni sababu ya kumwona daktari na ya kumwarifu mtunzaji, kwa sababu mbwa wengine wa pale wamo kwenye hatari hiyo hiyo. Paka aliyehamishwa hubakizwa ndani siku kadhaa kabla ya kuachiwa nje.

Mbwa akiwa amemuuma mtu katika kipindi cha malezi, jeraha huoshwa mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na aliyeumwa hupelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo, awe mbwa amechanjwa au hajachanjwa. Mbwa hauawi wala hafukuzwi. Hufungwa mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10, kwa kuwa mbwa ambaye mate yake yalikuwa na virusi siku ya kuuma huugua au hufa ndani ya muda huo. Akifa, asizikwe kabla afisa mifugo hajaarifiwa ili sampuli ifike maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo Iringa. Akimaliza siku 10 akiwa mzima, taarifa hiyo ipelekwe kwa wahudumu wanaomtibu aliyeumwa, nao ndio wataamua kuhusu sindano zilizobaki.